Herufi Moja, Njia Mbili: “Knight” na “Knave”, Mtume na Mtumwa

Mwanafunzi wa Kiingereza hukutana mapema na “knee”, yaani goti, “know”, yaani kujua, na “knife”, yaani kisu. Herufi k huandikwa wala haitamkwi. Zamani ilitamkwa, kama Wajerumani waitamkavyo hata leo katika “Knie”, goti lao. Waingereza waliiacha katika karne ya 17 na ya 18, wakati tahajia ilikwisha kuganda kwa nguvu ya mitambo ya uchapaji, ambayo William Caxton aliifikisha Westminster mwaka 1476.

Ujirani huo wa herufi si ushahidi wa ukoo. “Knee” ni ndugu wa “genu” ya Kilatini; “know” ina mzizi wake mwingine; “knife” ilitoka kwa Waskandinavia. Yanayotuhusu zaidi ni maneno mawili, “knight” na “knave”. Katika Kiingereza cha kale yote mawili yalimtaja mvulana, kisha mtumishi. Baada ya uvamizi wa Wanormani mwaka 1066, “knight” lilishikamana na askari wa farasi aliyemtumikia mfalme au bwana mkubwa, likapanda hadi kuwa cheo cha heshima. “Knave” lilibaki jikoni na zizini, na mwishowe likawa jina la mlaghai. Kwa Wajerumani, “Knecht”, ndugu wa “knight”, halikupanda kamwe: ni mtumishi tu.

Kiswahili nacho kina jozi yake, na hapa ukoo ni wa hakika. Mtume na mtumwa yote yametokana na kitenzi tuma. Asili yake ni mtu aliyetumwa. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 yamo chini ya M, mbali na kitenzi kilichoyazaa. La kwanza lilipewa wajumbe wa Mwenyezi Mungu. La pili liliangukia watu walionunuliwa na kuuzwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa huko mwaka 1897. Neno halikurudi lilikotoka. Mtumishi, kutokana na tumika, kama mpishi kutokana na pika, amebaki katikati, naye siku hizi ana ofisi na mshahara. Sarufi peke yake haielezi tofauti hiyo. Kiishio -e cha mtume na kiambishi -w- cha mtumwa vyote huashiria mtendwa. Kilichowatenganisha ni nani aliyemtuma, na kama aliyetumwa aliweza kukataa.

Jambo hili lina uzito kwa msomaji wa maandishi ya kale ya pwani. Akikuta humo neno mtumwa, huenda mbele yake yuko mtu aliyemilikiwa. Huenda pia ni mjumbe huru aliyechukua waraka wa bwana mmoja kwa mwingine. Mfasiri akiandika kwa haraka “slave”, amemtia mjumbe huyo minyororo ambayo hakupata kuivaa.