Ukoo wa Eisenhower, Wakulima Waliotoka Udachi

Wasikilizaji wangu, jioni hii nitawasimulia habari za ukoo mmoja ulioacha kwao ukaenda kulima ng'ambo ya bahari.

Mwaka 1741 Mdachi mmoja, Hans Nikolaus Eisenhauer, alishuka merikebuni Philadelphia pamoja na jamaa zake. Maana ya jina lake ni mkata chuma, lakini kazi ya uzao wake ilikuwa kulima. Walikaa Pennsylvania zaidi ya miaka 100, wakishika lugha ya wazee wao.

Mwaka 1878 Jacob, mkulima na mhubiri wa ukoo huo, alihamia Kansas. Kila mtoto wake alipooa au kuolewa, alimpa eka 160 na dola 2,000. Lakini mwanawe David hakupenda kulima. Aliweka shamba rehani ili afungue duka. Duka halikufanikiwa, na shamba likapotea. Basi akaenda Texas kufanya kazi ya reli, na huko, mwaka 1890, akazaliwa Dwight.

Dwight huyo ndiye aliyeongoza majeshi yaliyoshuka Ufaransa mwaka 1944 kupigana na Wadachi, watu wa asili yake. Tangu 1953 hata 1961 alikuwa Rais wa Marekani.

Je, alisaliti asili yake? Sivyo. Jasho la wazee wake lilikuwa limekwisha kuingia katika udongo wa Marekani, nao udongo huo ndio uliowalisha. Hata shamba lilipopotea, nchi ilibaki yao.

Nanyi waulizeni wazee wenu walitoka wapi, mkayaandike wangali hai. Kwaherini.