Maziwe: Kisiwa kinachozama na kuibuka kila siku, na jinsi ya kukitembelea

Kuna kisiwa Tanzania ambacho ukifika saa isiyo yake, utakuta maji tu. Hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna hata jiwe la kukalia. Ukifika kwa saa yake, unashuka kwenye mchanga mweupe katikati ya bahari.

Kinaitwa Maziwe, wengine huandika Maziwi. Kipo mbele ya pwani ya Pangani, mkoani Tanga, na kisheria ni eneo tengefu la bahari. Uvuvi hauruhusiwi, na wanyama waliomo wanalindwa.

Kama unafikiria kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, haya ndiyo ya kujua.

Kwani kilizama lini?

Maziwe hakikuwa hivi. Kilikuwa kisiwa cha kawaida chenye mivinje, na wavuvi walipumzika kwenye kivuli chake. Watafiti waliokifika miaka ya 1970 walikihesabu kati ya maeneo muhimu zaidi nchini kwa kasa kutagia, wakiwemo kasa wa kijani na ng'amba.

Kisha miti ikakatwa. Mizizi ya mvinje ndiyo hushika mchanga, na ilipoondoka mawimbi yakaanza kuumega. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisiwa kilikuwa kimeshaingia chini ya maji.

Je, ni miti peke yake? Wenyeji wengi watakwambia ndiyo. Waliolichunguza suala hilo wanataja pia mikondo ya bahari na mabadiliko ya kina cha maji. Kinachojulikana ni kwamba kiliondoka haraka, na hakuna aliyeweza kukirudisha.

Kilichobaki ni fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe. Maji yakipwa linaibuka, yakijaa linafunikwa. Umbo lake pia linabadilika kadiri upepo na mawimbi yanavyousukuma mchanga, kwa hiyo picha uliyoiona mtandaoni mwaka juzi si lazima ifanane na utakachokikuta.

Kasa bado wanakuja

Kasa jike hurudi kutaga katika eneo alikozaliwa, na anaweza kuchukua zaidi ya miaka 20 kabla ya kuanza kutaga. Kwa hiyo kasa walianguliwa Maziwe kukiwa na miti, wakakulia baharini, wakarudi na kukuta mchanga mtupu. Wakataga hapo hapo.

Shida ni kwamba mayai ya kasa yanahitaji hewa. Kiota kimoja cha kasa wa kijani kinaweza kuwa na mayai 100 au zaidi, na yanahitaji kama miezi 2 kwenye mchanga mkavu. Maziwe hakuna mchanga unaokaa mkavu miezi 2. Yakiachwa pale, mayai yote yanakufa.

Ndiyo maana kuna watu wanaoyahamisha. Wanakijiji waliofunzwa, kazi ambayo shirika la Sea Sense limewahi kuiendesha kwa miaka mingi, huenda kisiwani kutafuta viota vipya, wanafukua mayai na kuyapeleka bara, kwenye ufukwe wa Ushongo. Huko huyafukia tena kwenye shimo lenye kina kama lile alilochimba kasa mwenyewe.

Kazi hii ina muda wake. Saa chache baada ya yai kutagwa, kiinitete hujishikiza kwenye ganda. Ukiligeuza yai baada ya hapo, unaweza kukiua. Kwa hiyo yai linabebwa kama lilivyokaa, juu likibaki juu, ndani ya boti inayorushwa na mawimbi.

Ukiwa Ushongo, ulizia kama kuna kiota kinachokaribia kuanguliwa. Mgeni anaweza kushuhudia vifaranga wakielekea majini. Hiyo peke yake inatosha kukufanya ulale usiku mmoja zaidi.

Unafikaje?

Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kama kilomita 50 kwa barabara ya pwani. Unaweza pia kupitia Muheza. Anayetokea Dar es Salaam ajipange kulala Pangani au Ushongo, maana kwenda na kurudi siku moja ni kujitesa.

Ushongo ipo ng'ambo ya mto, kusini mwa mji wa Pangani. Unavuka mto kwenda Bweni, mahali ambapo kivuko kimewavusha watu kwa miaka mingi, kisha unaendelea kwa gari au bodaboda.

Kutoka bara hadi Maziwe ni kilomita 8 hadi 10 hivi, kutegemea ulipoondokea. Boti huwa ni za watu binafsi au za hoteli za ufukweni, za injini au jahazi dogo la tanga. Hakuna ratiba ya kudumu kama ya meli za Zanzibar. Ratiba ni maji.

Usipange safari bila kuangalia mwezi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanachagua Jumamosi kwanza, halafu wanauliza habari za maji. Fanya kinyume chake.

Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja au mbili baada ya hapo, maji hupwa sana. Kwenye pwani hii yanafika chini kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Unatoka asubuhi, unafika mchanga ukiwa wazi, unarudi mchana. Kila siku inayofuata, muda huo unasogea mbele kwa karibu dakika 50.

Lakini kumbuka, bamvua inayopwa sana ndiyo inayojaa sana. Nahodha akisema tuondoke, ondoka. Usimwombe dakika tano za selfie.

Siku za maji mafu, tofauti kati ya kupwa na kujaa ni ndogo, na muda wa maji kupwa huangukia alfajiri au jioni. Kwa safari ya siku moja, hazifai sana.

Upepo nao una neno lake. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari kwa kawaida huwa tulivu zaidi, na maji huwa maangavu kwa anayetaka kuona samaki. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi yanaweza kukulowesha njia nzima. Masika, Machi hadi Mei, mvua inaweza kuifuta safari yote.

Beba nini?

Kila kitu. Kisiwani hakuna duka, choo, maji ya kunywa wala kivuli.

- Maji ya kunywa ya kutosha. Jua linapiga juu, na mchanga unalirudisha usoni.
- Kofia, nguo ya mikono mirefu na mwavuli. Mwulize nahodha kama ana turubai la kujikinga na jua.
- Miwani ya kuzamia. Uzuri mwingine wa Maziwe upo chini ya maji, kwenye matumbawe.
- Viatu vya majini. Usikanyage matumbawe, ni viumbe hai na hukua taratibu mno. Ukikanyaga urumba, mguu utakueleza.
- Mfuko usiopitisha maji kwa ajili ya simu.
- Mfuko wa taka. Ulichokwenda nacho, rudi nacho.

Jaketi okozi si la kujadiliana. Kama boti haina la kila abiria, tafuta boti nyingine.

Kuna ada ya kuingia eneo tengefu, na raia wa Tanzania hulipa kiwango tofauti na wageni. Kabla ya kulipa hela ya boti, uliza kama ada hiyo imo ndani, na udai risiti ya serikali.

Usifanye haya

Ukiona alama pana kwenye mchanga, kama tairi la trekta limetoka baharini na kurudi, hiyo ni njia ya kasa. Usiikanyage wala usichimbe. Mwoneshe nahodha, ili wanaohamisha mayai wapate taarifa mapema. Maji yakija kabla yao, alama inafutika na kiota kinapotea.

Kuua kasa, kuchukua mayai yake au kuwa na gamba lake ni kosa kisheria. Ukiuziwa bangili ya gamba la ng'amba, kataa. Ng'amba yumo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini zaidi kutoweka duniani.

Kabla hujatuma hela ya boti, uliza haya matatu

1. Siku hiyo maji yanapwa saa ngapi, na tutakaa kisiwani kwa muda gani?
2. Kila abiria ana jaketi okozi?
3. Ada ya eneo tengefu imo ndani ya bei?

Akishindwa kujibu la kwanza, usipande boti yake.