Lori la Chumvi na Karatasi ya Dhamana

Tangu miaka ya 1970, mashamba ya chumvi ya Ngomeni na Gongoni yameleta malori kwetu. Lori jipya huja na dhamana, nasi hulipeleka gereji upesi: bomba la hewa lipandishwe juu likwepe vumbi, pampu ifunguliwe dizeli zaidi. Injini ikinoki, muuzaji hujibu: "Mmeichokora wenyewe."

Kuhusu pampu huenda ana haki. Dizeli ikizidi, joto huyeyusha pistoni. Lakini bomba lililopandishwa vizuri huikinga injini. Kuvitia vyote kapu moja ni kukwepa deni.

Mabishano haya ni ya zamani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya 1931, iliyofuata ile ya Uingereza ya 1893, inamtaka muuzaji atoe kitu kinachofaa kazi aliyoelezwa. Ila iliacha mwanya: ukinunua kwa kutegemea jina la biashara tu, kinga hiyo unaweza kuipoteza kirahisi. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, ikaongeza haki ya bidhaa zenye ubora na fidia ya hasara.

Basi nasema: kabla hujalipa, andika "Lori hili litabeba chumvi Ngomeni", muuzaji atie sahihi. Maneno matupu hupeperushwa na kusi.