Picha Kutoka Angani na Kanda za Nyumbani

Binadamu ana haja mbili za kale juu ya habari. Ya kwanza ni kuipata upesi. Ya pili ni kuiweka isipotee. Kwa karne nyingi watu wa kandokando ya Ziwa Victoria, katika nchi iliyokuwa wilaya ya South Nyanza na ambayo tangu mwaka 2013 ni kaunti za Homa Bay na Migori, walitimiza haja hizo kwa kinywa na sikio. Mjumbe alileta habari, na mzee aliihifadhi kifuani. Insha hii yaeleza jinsi vyombo vitatu, yaani kipokezi cha setilaiti, mtambo wa kurekodi video na televisheni, vilivyokuja kushika kazi hiyo, na deni vilivyotuachia.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962 mjini Nairobi. Mwaka 1964 utangazaji ulitwaliwa na Serikali ukaitwa Sauti ya Kenya, na mwaka 1970 Mombasa nayo ikapata kituo chake. Lakini mawimbi ya televisheni huenda karibu kama mwanga uendavyo: mlima huyazuia, na mviringo wa dunia huyaacha yapite juu. Kati ya Nairobi na Ziwa kuna Bonde la Ufa na nyanda za juu. Hata baada ya mitambo ya kupokezana kujengwa, mtu wa mbali alilazimika kusimamisha antena juu ya mlingoti mrefu, na mara nyingi tunu yake ilikuwa picha yenye chenga nyingi.

Dawa ilipatikana juu. Mwaka 1945 Mwingereza Arthur C. Clarke alieleza kwamba chombo kilichowekwa juu ya ikweta, kimo cha kilomita 36,000 hivi, kingezunguka pamoja na dunia na kuonekana kama kimetulia mahali pamoja. Wazo hilo lilikuwa kweli katika miaka ya 1960. Mwaka 1970 kituo cha ardhini cha Longonot kilifunguliwa, na Kenya ikaunganishwa na ulimwengu kwa njia ya setilaiti. Chombo hicho kilikuwa cha taifa zima. Katika miaka ya 1990 dishi lilifika penye paa la mtu binafsi.

Hapa jiografia, ambayo ilikuwa adui, iligeuka rafiki. Homa Bay na Migori ziko karibu na ikweta, na setilaiti zilizowekwa nyuzi 36 mashariki, zilizobeba matangazo ya kulipia ya nchi nyingi za Afrika, ziko karibu na utosi wa nchi hii. London hutazama setilaiti zake za televisheni kwa mwinamo wa nyuzi 25 tu juu ya upeo wa macho. Mtu wa Homa Bay hutazama yake kwa nyuzi 88. Hakuna kilima wala mti wa jirani uwezao kumziba. Hata hivyo kila neema ina kodi yake. Matone ya mvua kubwa ya Ziwa hunyonya mawimbi hayo, na radi, ambazo ni nyingi huko, huweza kuunguza vyombo vyote kwa pigo moja. Mwenye busara huchomoa nyaya mawingu yanapokusanyika.

Namna ya kuunganisha ilikuwa rahisi kwa aliyefuata mtiririko. Dishi hukusanya mawimbi na kuyarudisha katika kichwa kidogo kilicho mbele yake. Kichwa huyapunguzia kasi ya mtetemo na kuyateremsha kwa waya hadi kwenye kipokezi. Kutoka kipokezi waya uliingia katika mtambo wa video, na kutoka hapo ukaenda kwenye televisheni. Utaratibu huo una maana: mtambo wa video hauwezi kuandika kisichopita ndani yake. Mwenye mitambo miwili aliweza kunakili kanda, lakini kila nakala ilififia kuliko mama yake.

Faida yake ilikuwa kubwa. Kanda ya muda wa saa tatu ilitenganisha tukio na saa yake. Mpira uliochezwa Ulaya usiku uliweza kutazamwa sokoni kesho yake, au kuvushwa kwa mashua hadi Mfangano. Pasipo na umeme palitumika jenereta au betri ya gari. Kisha watu wakaanza kujirekodi wenyewe: arusi, harambee, na zaidi ya yote mazishi, ambayo kwa Wajaluo ni mkutano wa ukoo mzima. Wazee walioeleza nasaba na mipaka mbele ya kaburi waliingia katika kanda, na wengi wao sasa wamekufa.

Deni ndilo hili. Mwaka 2015 Kenya ilizima mitambo ya televisheni ya analojia. Mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho duniani kutengeneza mitambo ya video, iliacha kazi hiyo. Kanda zimebaki makabatini. Joto, unyevu na ukungu vinazila, na nyingine zilifutwa ili kurekodiwa mchezo wa jioni moja. Mtambo ukipatikana, kanda huweza kuhamishwa katika kompyuta. Ukikosekana, sauti ya babu huwa utepe mweusi usiosema.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana asomaye insha hii na aulize nyumbani kwao kama ipo kanda iliyosahauliwa, na imehifadhi kitu gani. Picha za mbali zitaendelea kuja bila kuitwa. Za kwetu zisipotunzwa na sisi, hakuna setilaiti itakayoturudishia.