Gunia lile linaenda kwa nani?

Wandugu, kwanza niwaombe samahani juu ya picha moja.

Wakati nilikuwa ninatayarisha memwari, nilienda pembeni ya Kolwezi kuchukua udongo wa kupima. Njiani nikakuta kijana mdogo, labda wa miaka tisa, anabeba nusu gunia ya mawe kuelekea mtoni, kwenye watu wanasafisha minere. Nikampiga picha, nikaituma kwenye grupu yetu. Mnakumbuka majibu? “Pole sana.” “Mungu amusaidie.” Kisha mtu akauliza kama matokeo ya sesioni ya pili yametoka. Hakuna hata mmoja mwenye aliuliza gunia lile linaenda kwa nani. Mimi pia sikuuliza, na sikuomba ruhusa kwa wazazi wake.

Swali hilo nimelikuta kwenye michoro ya zamani ya Waingereza, njo maana ninaandika.

Mwezi wa saba 1838, mvua kali ilipiga kijiji cha Silkstone, kaskazini mwa Uingereza. Kijito kikajaa, maji yakaingia ndani ya mgodi wa makaa ya mawe wa Huskar, watoto 26 wakakufa. Nyuma ya miaka miwili, kwa kusukumwa na depite Lord Ashley, serikali ikaunda tume ya kuchunguza kazi za watoto. Ripoti yake juu ya migodi ilitoka 1842.

Kwa kawaida ripoti ya serikali haina wasomaji. (Sisi wenye tumeandika memwari tunajua uchungu huo.) Ile ilisomwa, juu ilikuwa na michoro. Kuko mchoro wa mtoto anatambaa kwa mikono na magoti, mkanda kiunoni, mnyororo unapita katikati ya miguu yake, anavuta gari la makaa ndani ya njia ya chini sana, hawezi hata kuinua mgongo. Kuko watoto wa milango: wengine walikuwa na miaka mitano ao sita tu. Kazi yao ilikuwa kuketi gizani siku nzima, kufungua mlango wakati gari linafika na kuufunga mara moja, ili hewa ifuate njia yake ndani ya mgodi. Mtoto akisinzia na mlango ukabaki wazi, hewa mbaya inajikusanya na watu wote wa chini wako hatarini. Fikirini, uzima wa wanaume wazima ulikuwa mikononi mwa mtoto mwenye kwetu bado hajaanza mwaka wa kwanza wa primeri.

Mchoro mmoja ulileta kelele kuliko mingine: kijana na msichana, karibu uchi, wanapandishwa kwa kamba moja. Kwa maoni yangu, wakubwa wengi walishtushwa na uchi ule kuliko njaa yenye iliwapeleka watoto shimoni. Lakini sheria ilipita haraka. Mwezi wa nane 1842 ilikatazwa mwanamke yeyote, na kijana chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi. Wa miaka 10 aliendelea kushuka. Na kusimamia hayo yote, waliweka inspekta mmoja. Mmoja kwa nchi nzima!

Sasa ingia gazeti la kuchekesha, Punch, lenye lilianza London 1841. Wakati ule neno katuni lilikuwa na maana nyingine: mchoro wa matayarisho, wenye msanii anafanya kwenye karatasi kubwa kabla ya kupaka rangi ukutani. Mwezi wa saba 1843 serikali ilionyesha katuni za namna hiyo, za kupamba jengo jipya la Bunge. John Leech wa Punch akachora maskini wenye nguo zilizochanika, na watoto kati yao, wanatazama picha za watu wa fahari ukutani. Serikali inawapa maonyesho, tumbo hakuna kitu. Akaita mchoro wake katuni, kwa kejeli, na maana hiyo mpya njo tunayo mpaka leo.

Mwezi uliofuata ukatoka ule wenye mimi ninaupenda zaidi, “Mtaji na Kazi”. Ukurasa umekatwa sehemu mbili. Juu, tajiri amejilaza kwenye kochi laini, watumishi wanamhudumia. Chini yake, ndani ya ardhi, giza: wanawake, wazee na watoto wa makaa. Ripoti ilikuwa imeonyesha mtoto na shimo, basi. Punch akaongeza sakafu ya tajiri, na sakafu ile njo dari la mtoto.

Lakini tusimsifu bure. Sheria ilikuwa imemtangulia kwa mwaka mzima, na wasomaji wa Punch wengi walikuwa watu wa kula vizuri. Tena sheria yenyewe iliondoa mishahara ya wanawake bila kuleta kitu nafasi yake. Kuko wenye walivaa sawa wanaume ili warudi chini. Kwetu agronomia tunajua: majani ya mahindi yakiwa manjano juu udongo umekosa azoti, kung'oa majani yale hakulishi udongo.

Gazeti lile lile lilikuja kutugusa sisi. Tarehe 28/11/1906, Linley Sambourne alichora mpira wa Kongo kama nyoka mkubwa, kichwa ni cha mfalme Leopold mwenyewe, na ndevu zake na taji. Amemzunguka Mkongomani na kumkaba. Nyuma, mwanamke anakimbia na mtoto. Miaka miwili mbele, 1904, misionere Alice Harris alikuwa amepiga picha ya Nsala, baba mwenye anatazama mkono na mguu wa binti yake wa miaka mitano, vyenye walinzi wa kampuni ya mpira walikata. Picha ilionyesha jeraha. Mchoro ulionyesha sura ya mwenye kufaidika. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo, Ubelgiji ikaichukua.

Kitu kimoja kinanisumbua. Tajiri wa 1843, wa kwao, hana jina. Mfalme wa nchi nyingine walimchora na ndevu zote. Inaonekana ni rahisi kutambua nyoka wa jirani.

Na sisi? Sheria ya ulinzi wa mtoto tunayo tangu mwezi wa kwanza 2009. Primeri ya serikali ni ya bure tangu 2019. Na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka hapa kwetu.

Ile picha nimeifuta. Nikamuomba rafiki yangu moja mwenye anajua kuchora afanye kitu sawa cha 1843: mtoto chini, bila kuonyesha uso wake. Alimaliza sehemu ya chini haraka. Kisha akauliza: “Na juu, niweke nani?” Nikasema negosian, yule wa kununua magunia. Akamchora, tukamtazama: mtu wa pikipiki, mwenye madeni sawa sisi. Akamfuta. Tukaweka mwenye depo, tukaona hata yeye anauzia mwingine. Tukaendelea kupanda hivyo mpaka karatasi ikaanza kutoboka. Saa ile telefone yangu ikalia juu ya meza, batri inaomba moto.

Akaitazama, akachukua tena kalamu.