Kodi au Msimbo? Mraba Mweusi Katika Kuta za Kampala

Ijumaa jioni tulibandika vibandiko 12 katika soko moja la katikati ya Kampala na mitaa inayolizunguka. Jumatatu asubuhi tuliporudi kuviangalia, vilikuwa vimebaki 5. Mvua haikunyesha mwishoni mwa wiki ile, wala upepo haukuvuma. Vilikuwa vimebanduliwa kwa kucha, na alama za gundi zilionekana wazi ukutani. Tulipokuwa tunahesabu hasara yetu, mama mmoja muuza vitenge, mzaliwa wa Bukavu, alituita. Mkononi alishika kimoja cha vibandiko vyetu.

"Batoto, ni ninyi munaleta hii kodi?"

Tulitazamana. Juu ya mraba ule wa vidoto vyeusi na vyeupe tulikuwa tumeandika kwa herufi kubwa: SKANI KODI HII.

Tulikuwa wanafunzi 6, wanne wa historia na Kiswahili na wawili wa kompyuta, tuliokuwa tukitengeneza programu ya simu ya kusimulia historia ya mji. Mtu angeelekeza kamera ya simu yake kwenye mraba uliobandikwa mahali fulani, na simu ingemweleza mahali hapo palitokea nini. Miezi yote ya kazi tuliuita mraba huo "kodi", tukifuata matamshi ya Kiingereza, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka. Lakini kwa mama yule, kama kwa kila msemaji wa Kiswahili, kodi ni ile inayolipwa. Tulicheka sana njiani kurudi chuoni. Mwalimu wetu hakucheka. Alituuliza: "Waliobandua vile vingine 6, wote wanajua Kiswahili?"

Swali hilo ndilo lililozaa insha hii. Wengi wa wachuuzi wale huongea Kiganda, na huenda hawakusoma neno letu kabisa. Waliona mraba tu, wakaubandua. Kwa hiyo neno "kodi" lilikuwa kosa letu dogo. Kosa kubwa lilikuwa kudhani kwamba mraba ule ni chombo kitupu ambacho tungeweza kukijaza chochote tupendacho. Hoja yangu ni kwamba chombo hakifiki mahali kikiwa kitupu. Hufika na historia yake, na watu hukisoma kwa historia hiyo kabla hawajasoma kilichoandikwa juu yake.

Basi tuanze na historia ya chombo chenyewe. Babu yake ni msimbopau, ile mistari myembamba na minene tunayoiona kwenye bidhaa za dukani. Mmarekani Joseph Woodland alipata wazo lake akiwa ameketi ufukweni Florida. Alichora mchangani nukta na vistari vya alama za Morse alizojifunza utotoni katika uskauti, kisha akavivuta kwa vidole vikawa mistari. Yeye na mwenzake Bernard Silver walipewa hataza mwaka 1952, lakini ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla ya wazo hilo kuingia madukani. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka la mji wa Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya chingamu ilipitishwa mbele ya mashine na bei yake ikasomwa. Tangu mwanzo, basi, kazi ya alama hizi ilikuwa kuhesabu mali.

Msimbo wa QR, yaani ule mraba wenyewe, ulizaliwa Japani mwaka 1994. Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso walikuwa na tatizo la kiwandani. Msimbopau hubeba herufi chache, takribani 20, na vipuri vya magari vilihitaji maelezo mengi kuliko hayo. Mfanyakazi alilazimika kusoma misimbopau kadhaa kwa kasha moja. Hara alipata msaada wa wazo kutoka mchezo wa Go, ambao huchezwa kwa vipande vyeusi na vyeupe juu ya ubao wa miraba. Badala ya mistari ya upande mmoja, alitumia vidoto vinavyosomeka kwa wima na kwa ulalo, na mraba mmoja ukaweza kubeba tarakimu zaidi ya 7,000. Zile pembe tatu zenye miraba mikubwa huiwezesha mashine kuutambua msimbo upesi, hata ukisomwa kutoka upande gani. Tena msimbo ukichafuka au kuchanika kidogo bado husomeka. Ukitengenezwa kwa kiwango cha juu cha urekebishaji, huvumilia uharibifu wa takribani asilimia 30. Kampuni hiyo ilikuwa na hataza, lakini ilitangaza kwamba haitawadai watumiaji. Ndiyo maana wanafunzi wasio na fedha, kama sisi, wanaweza kuutumia bila kulipa chochote.

Miaka kadhaa baadaye msimbo ulitoka viwandani ukaingia mitaani. Mfano ambao sisi tuliusoma kwa makini ni mji mdogo wa Monmouth, Wales. Mwezi Mei 2012 mji huo ulizindua mradi wa Monmouthpedia, ambapo misimbo ilibandikwa kwenye majengo, makumbusho na maduka. Mgeni akielekeza simu yake, alifunguliwa makala ya Wikipedia kuhusu mahali hapo, na katika lugha ambayo simu yake imewekwa. Mpango huu ulitusisimua kwa sababu Kampala nayo ni mji wa lugha nyingi. Tukasema: kama mji mdogo wa Wales umeweza, kwa nini sisi tushindwe?

Tulianza na vituo ambavyo historia yake inajulikana. Kilima cha Old Kampala, ambako Lugard alipiga kambi Desemba 1890 na kujenga ngome, na ambako leo unasimama msikiti mkubwa ulioanzishwa wakati wa Idi Amin na kumalizwa kwa fedha za Libya. Stesheni ya gari la moshi, kwa kuwa reli ilifika Kampala mwaka 1931. Mnara wa Uhuru wa mwaka 1962, kazi ya Gregory Maloba, mchongaji kutoka Kenya aliyesomea na kufundisha Makerere. Kisha tukafika sokoni, ambako tulitaka kusimulia habari za biashara.

Kwa upande wa ufundi tulijivuna kwa uamuzi mmoja. Data ya intaneti ni ghali kwa mwanafunzi na kwa mchuuzi pia. Kwa hiyo msimbo wetu haukumpeleka mtu kwenye tovuti. Ulibeba namba tu, kwa mfano 07, na maandishi ya kituo namba 7 yalikuwa tayari ndani ya programu. Ukishaipakua mara moja, huhitaji data tena. Tulidhani tumemaliza matatizo yote.

Tulichosahau kuuliza ni hiki: mchuuzi wa Kampala alikuwa ameuona mraba huu wapi kabla yetu? Jibu limo katika historia ya miaka ya karibuni. Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 tozo hiyo iliondolewa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya data. Katikati yake, kuanzia Novemba 2019, zililetwa stempu za kodi za kidijitali kwenye bidhaa kama bia, soda, maji ya chupa na sigara. Stempu hizo hukaguliwa kwa programu ya simu iitwayo Kakasa, neno la Kiganda lenye maana ya "hakikisha". Halafu ukaja mfumo wa risiti za kielektroniki, EFRIS, na risiti zake zina msimbo wa QR. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka yao wakiupinga mfumo huo.

Sasa mtazame mchuuzi anayefika kwenye kibanda chake Jumamosi asubuhi. Anakuta vijana wasiojulikana wamebandika mraba mweusi juu ya meza yake, bila ruhusa, na mraba huo una namba. Atafikiri nini? Mimi ningeubandua pia. Huko Monmouth mtu aliuona msimbo ukutani akafikiria makumbusho. Hapa kwetu msimbo ulitangulia kuja na mkaguzi, na sisi tukaja nyuma yake tukishangaa kwa nini hatukaribishwi.

Jambo hili lilinikumbusha lugha ninayoisomea. Kiswahili kilifika Buganda na wafanyabiashara wa pwani, waliofika katika ikulu ya Kabaka Suna II miaka ya 1840. Kilikuja na vitambaa na bunduki, na vilevile na Uislamu na biashara ya watumwa. Baadaye kikawa lugha ya askari katika jeshi la kikoloni. Gavana Gowers alipotaka kukieneza mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa alipinga. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na watu wengi wakazidi kukisikia kama sauti ya mtu mwenye bunduki kizuizini. Katiba ilipobadilishwa mwaka 2005 kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe mashuleni. Hata hivyo, bibi yangu bado huniuliza kama ninasoma lugha hiyo ili niende jeshini. Hakuna neno baya lolote nililomwambia kwa Kiswahili. Anachokisikia ni historia ya waliokitumia kabla yangu.

Kwa hiyo kibandiko chetu kilibeba mizigo miwili: alama ya mkusanya kodi na, kwa wengi, lugha ya askari. Tukaongeza na neno "kodi" juu yake ili mambo yakamilike.

Tulirudi kwa yule mama wa vitenge, safari hii bila gundi. Alituambia jambo ambalo liliniuma kuliko alama yoyote niliyowahi kupata: "Historia ya soko munaandika, lakini benye soko hamubaulize." Ilikuwa kweli. Maandishi ya vituo vya sokoni tuliyatoa vitabuni. Hatukuwa na sauti hata moja ya mtu anayeuza pale.

Tulibadilisha mambo matatu. Kwanza, tuliacha neno "kodi" tukachukua "msimbo", na juu ya mraba tukaandika kwa Kiganda, Kiswahili na Kiingereza kwamba hapa kuna hadithi, na kwamba hakuna malipo. Pili, chini ya mraba tuliandika sentensi mbili za hadithi yenyewe, ili asiye na simu naye apate kitu, na anayeshuku aone ndani mna nini. Tatu, hatukubandika tena bila mwenye mahali. Tulimrekodi kila aliyekubali, tukamchezea sauti yake kwenye simu, kisha yeye mwenyewe akachagua msimbo ukae wapi. Mama wa vitenge alisimulia jinsi alivyofika Kampala kwa basi akiwa na mizigo miwili ya nguo, na Kiswahili kikiwa ndiyo lugha yake pekee ya kufanyia biashara. Msimbo wake aliuweka mwenyewe kwenye nguzo ya kibanda. Jirani yake alipoona, akauliza yeye atarekodiwa lini.

Sisemi kwamba tumeshinda. Vituo vya sokoni vimepungua kutoka 12 hadi 4, na baadhi ya wachuuzi walikataa katakata, nao wana haki. Sisi wenyewe tutahitimu, na sijui ni nani atakayeirekebisha programu simu mpya zitakapokuja. Kwa sababu hiyo tumechapisha simulizi zote kwenye karatasi pia, na kila aliyerekodiwa amepewa nakala yake.

Kwetu sisi wanafunzi wa historia, funzo ni hili. Tulifundishwa kukiuliza kila chanzo: kimetoka wapi, kimeandikwa na nani, kwa faida ya nani? Maswali hayo tuliyaelekeza kwenye barua za Lugard na taarifa za magavana, tukasahau kuyaelekeza kwenye kibandiko tulichokuwa tumekishika mkononi. Tungeuliza mapema, mama yule asingelazimika kukaa na kibandiko chetu kuanzia Jumamosi hadi Jumatatu, akisubiri kujua anadaiwa shilingi ngapi.