Historia ya Kuchuja Damu yenye Kolesteroli ya Urithi

Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones walitangaza matokeo ya uchunguzi wao wa damu na maradhi ya moyo nchini Uganda. Miongoni mwa Waafrika maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa kama kwamba hayapo, ilhali kwa Waasia wa nchi ile ile yalikuwa balaa kubwa. Mwaka 1964 George Mann na wenzake wakaeleza habari za Wamasai wa Tanganyika, ambao ijapokuwa chakula chao kilikuwa maziwa na nyama, damu yao ilikuwa na kolesteroli kidogo. Habari hizo zilikuwa za kweli, lakini zilizaa dhana iliyopita mipaka ya ushahidi wake: kwamba kolesteroli ni maradhi ya watu walioshiba, wala haimhusu mwanakijiji wa Afrika.

Dhana hiyo ilisahau urithi. Mapema, mwaka 1938, Carl Müller wa Norway alikwisha kuonyesha koo ambazo ndani yake kolesteroli nyingi, uvimbe mgumu wa kano na maumivu ya moyo hushuka kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Mwaka 1964 Avedis Khachadurian, akichunguza jamaa za Lebanoni, alipambanua hali mbili. Aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja huweza kushikwa na moyo katikati ya utu uzima. Aliyeirithi kwa baba na mama pia huweza kufa kijana, pengine hata utotoni.

Sababu yake ilifunuliwa katika miaka ya 1970 na Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Seli za mwili, hasa za ini, zina vipokezi vinavyonasa chembe za kolesteroli na kuzitoa katika damu. Vipokezi vikikosekana, kolesteroli hubaki katika mishipa hata kama mgonjwa anakula ugali na mboga za majani tu. Kwa hiyo kumlaumu mgonjwa huyo kwa ulafi ni dhuluma.

Ikiwa ini haliwezi kuisafisha damu, yafaa isafishwe nje ya mwili. Wazo hilo lilijaribiwa Paris mwaka 1967 na de Gennes na wenzake. Mwaka 1975 Gilbert Thompson na wenzake, katika Hospitali ya Hammersmith, London, walitumia mashine iliyotenga seli za damu na plazima, yaani maji ya damu. Plazima ya mgonjwa ilitupwa, akatiwa badala yake. Njia hiyo ilisaidia, lakini ilitupa kizuri pamoja na kibaya. Mwaka 1981 Wilhelm Stoffel na wenzake wa Cologne, Ujerumani, walipitisha plazima katika chujio lenye kingamwili zinazonasa chembe za kolesteroli peke yake, kisha wakamrudishia mgonjwa plazima yake mwenyewe. Wajapani nao wakabuni machujio ya namna nyingine.

Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na haina budi kurudiwa kila juma moja au mawili, maana kolesteroli hupanda tena. Hata hivyo faida yake ilidhihirika. Mwaka 1985 Thompson na wenzake waliwalinganisha wagonjwa 5 waliobadilishiwa plazima na ndugu zao 5 wenye maradhi yale yale ambao hawakutibiwa hivyo. Waliotibiwa waliishi zaidi, kwa wastani wa miaka 5 na nusu.

Je, historia hiyo ina maana gani kwa Mwamkulu, kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi? Kutoka huko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na matibabu ya kila juma huko mbali yangeweza kumfilisi mkulima. Lakini chujio ni hatua ya mwisho, nayo ni ya wachache mno. Hukadiriwa duniani kwamba mtu 1 katika 300 hivi amerithi kasoro kwa mzazi mmoja, na 1 katika 300,000 hivi kwa wazazi wote wawili. Wale walio wengi hufaidika na vidonge vya statini, ambavyo asili yake ni utafiti wa Akira Endo wa Japani katika miaka ya 1970. Na tangu mwaka 2007 simvastatini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Basi la kwanza kwa Mwamkulu ni kutambua. Mtoto mwenye vinundu vya manjano magotini na viwikoni, au kijana mwenye kano nene za visigino, aulizwe nani katika ukoo alikufa ghafula angali kijana. Kisha damu yake ipimwe, na ya ndugu zake pia. Madaktari wa miaka ya 1950 walipima umma wakaona afya, wala hawakukosea. Lakini wastani wa umma haumkingi mtoto mmoja aliyerithi kasoro kwa wazazi wawili. Naye asipotafutwa, kifo chake kitahesabiwa kuwa cha ghafula tu, na wadogo zake watabaki bila kupimwa.